Wakuu, simulesheni ya kolajeni imenigomea, nihame mada?

Kibarua wa Leza: Kwema wakuu? Nasoma uzamili Ujerumani. Naiga kwenye kompyuta kano la mkia wa panya likimulikwa na leza: fotoni (chembe za mwanga) mbili za nanometa (nm) 800 zinaungana kwenye kolajeni, protini ya nyuzi za kano, inatoka moja ya nm 400. Nikizungusha polaraizesheni, yaani uelekeo ambao mwanga unatikisika, picha za maabara zinafifia kwenye digrii 45, mchoro wangu unapanda. Nibadili programu au nihame mada? Silali.

Mzee Kijiwe: Hama. Mimi niliacha uhasibu nikaingia kwenye kuku wa mayai, leo nina mabanda matatu.

Dada Hadubini: Uwiano wa d33 kwa d31, yaani nguvu ya kolajeni kuunganisha fotoni mwanga ukitikisika sambamba na nyuzi, kwa ile ya ukizikata, umeweka ngapi? Kwa kano huwa karibu 1.4.

Kibarua wa Leza: 2.3. Ndiyo inayokaa vizuri.

Dada Hadubini: Inakaa kwa kuwa umeisukuma. Picha zilipigwa kina gani?

Kibarua wa Leza: Cha kawaida tu.

Dada Hadubini: Kawaida ni mikroni ngapi, mdogo wangu?

Kibarua wa Leza: 50. Lakini dada, sura ya tasnifu nimeshampelekea profesa na hiyo 2.3. Halafu nyuzi zikiinama uwiano si unapanda?

Dada Hadubini: Unapanda, ila kufika 2.3 zinatakiwa ziinuke karibu digrii 50 kutoka bapa la picha. Kano lililonyooshwa liinuke vipi hivyo? Tatizo liko kwingine: kano linapitisha mwanga kwa kasi mbili, kutegemea unatikisika sambamba na nyuzi au unazikata, tofauti ya fahirisi (kipimo cha mwanga unavyopunguzwa kasi) kama 0.003. Zidisha kwa mikroni 50, gawa kwa 0.8, yaani nm 800 kwa mikroni: karibu moja ya tano ya wimbi. Umeingiza mwanga unaotikisika kwa mstari mnyoofu, huko chini mtikisiko umeshakuwa duaradufu. Programu yako hilo inalijua?

Mtoto wa Tandika: Na panya aliombwa ruhusa? 😂

Sidanganyiki: Hii chai. Mwenye leza ya bei hiyo aje aulize huku? Weka picha ya mashine.

Kibarua wa Leza: Leza ni ya maabara, mimi nina laptop tu. Kuamini si lazima.

Mzee Kijiwe: Vijana wa siku hizi hamuulizi wazee kabla ya kupeleka kazi.

Dada Hadubini: Waache. Pima mwangaza polaraizesheni ikiwa sambamba na nyuzi, kisha ikizikata kwa digrii 90. Pembe hizo mbili kasi haizivurugi. Kwa 1.4 utapata kama mara 2, kwa 2.3 zaidi ya mara 5.

Kibarua wa Leza: Nimepima. Mara 2.1.

Sidanganyiki: Picha ya mashine bado nasubiri.