Gen Con kwa mara ya kwanza: orodha ya matakwa inapangwaje, na masanduku yanasafiri vipi?

Kete_Nne
Habari za leo wakuu. Tunakwenda Gen Con, maonyesho makubwa ya michezo ya mezani huko Indianapolis, Marekani, watu 3, na beji za siku zote 4 (Alhamisi hadi Jumapili) tumeshalipia. Wawili ni watu wa michezo mizito ya ubao (mirefu, yenye kanuni nyingi), mmoja ni wa michezo ya kuigiza wahusika tu. Naomba kueleweshwa kuhusu orodha ya matakwa (wish list), yaani ile ya matukio unayoomba tiketi zake. Kuna wanaosema ukiweka tukio juu kabisa umelipata, wengine wanasema ni bahati nasibu. Pia, masanduku ya michezo tutakayonunua yanarudi vipi kwa ndege bila kupasuka?

MwendeshaMchezo
Karibu mkuu. Pande zote mbili zina ukweli. Usajili wa matukio ukifunguliwa, kila aliyewasilisha orodha hupangiwa nafasi ya foleni kwa bahati. Zamu yako ikifika, mfumo unaisoma orodha yako kutoka juu kwenda chini. Tukio lenye viti unapewa, lililojaa linarukwa, na linalogongana kwa saa na ulilokwisha kupata linarukwa pia.

Hilo la mgongano lina faida kubwa. Kwa kila muda unaoutaka, weka chaguo la kwanza, halafu chini yake la pili na la tatu la saa zilezile. La kwanza likipatikana, yale mengine yanaruka yenyewe. Likikosekana, bado una akiba. Wengi hujaza matukio ya saa tofautitofauti bila akiba hata moja, wakaishia na ratiba yenye matobo.

Jambo la pili ni mpangilio. Usipange kwa mapenzi peke yake, angalia na idadi ya viti. Meza ya kuigiza yenye viti 6 iende juu. Mhadhara wa ukumbi mkubwa ushuke chini, maana ni nadra kujaa haraka. Ukiutanguliza mhadhara unaogongana na meza hiyo, meza itarukwa hata kama ilikuwa na kiti.

Katika orodha moja mnaweza kuombeana tiketi kwa yale mtakayocheza pamoja. Huyo wa kuigiza atengeneze yake.

Meeple_wa_Kijani
Naongezea kwa MwendeshaMchezo: someni maelezo ya kila tukio hadi mwisho kabla ya kuliweka. Kuna sehemu inayosema kama uzoefu unahitajika, na nyingine inayosema ulete vifaa gani. Tazama sana namba ya raundi. Mashindano ya raundi 3 huorodheshwa kila raundi peke yake, na raundi ya 2 ni ya waliovuka ya kwanza.

Halafu umbali. Matukio hayako jengo moja. Kuna Indiana Convention Center, hoteli zinazoizunguka, na uwanja wa Lucas Oil. Mchezo wa kuigiza kwa kawaida huchukua muda wa saa 4 nzima, na mara nyingi unapitiliza. Msipange tukio linaloanza dakika ileile jingine linapoisha. Acheni angalau dakika 30, na saa nzima mahali pa kula. Tukio moja kubwa kwa siku na jingine dogo linatosha kabisa. Anayejaza matatu yenye urefu wa saa 4 kila moja hataliona hata banda moja la wachapishaji.

Kete_Nne
Asanteni sana. Tiketi za jumla (generic tickets), zile zisizofungwa na tukio moja, zinatumikaje basi?

Meeple_wa_Kijani
Ni za kuziba pengo, mkuu. Unafika kwenye meza kabla ya muda, unamwambia mwendesha mchezo kwamba unasubiri kiti. Mwenye tiketi asipotokea, unakaa na kulipa kwa tiketi za jumla zinazolingana na bei ya tukio. Ukiwa peke yako nafasi ipo, hasa asubuhi. Mkiwa 3 kwa meza moja ni vigumu, gawanyikeni.

Sanduku_Zito
Ukumbi wa maonyesho: ukitaka kujaribu mchezo bandani, usizunguke ukitafuta meza tupu. Simama kando ya meza iliyo katika raundi ya mwisho na umuulize mfafanuzi nani anafuata. Uliza pia kama ni mchezo mzima au raundi 2 tu. Mchezo mzito wa saa 3 mara nyingi huonyeshwa kwa dakika 20 hadi 30, na hapo utajua mwendo wake lakini hutajua unavyomalizika. Mchezo mpya unaoutaka mno, ununue Alhamisi. Baadhi ya wachapishaji hugawa nakala kwa siku, kwa hiyo ukiukosa uliza kama kesho zipo.

Sasa masanduku. Sanduku la kawaida la mraba lina kama sentimita 30 kwa 30 kwa 7, na mizito hufika kilo 3 au zaidi. Begi la kilo 23 linajaa haraka kuliko macho yanavyodhani. Fungua hotelini, hakiki vipande kwa orodha iliyo kwenye kijitabu cha kanuni. Kikikosekana kimoja, mchapishaji yuko hapohapo bandani. Bandua vipande vya kadibodi, tupa fremu zake, tia kila aina kwenye mfuko wake wa plastiki.

Ila ukitoa fremu, ndani panabaki uwazi, na uwazi ndio unaopasua pembe: mfuniko unabonyea begi likilaliwa na mengine. Jaza soksi au fulana, au tia mchezo mdogo ndani ya mkubwa. Funga sanduku kwa plastiki ya kuzungushia. Gundi ya utepe hubandua picha ya mfuniko, na mpira mwembamba huikata kingo. Laza masanduku katikati ya begi, nguo pande zote.

Betri za akiba za simu ziwe kwenye begi la mkononi, haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini.