Lenzi za macho zinazowasha na kukwaruza: wana Nairobi, tupeane uzoefu

Binti wa Pipeline
Habari za jioni wadau. Mwaka huu nimehamia lenzi za kuvaa jichoni kwa sababu miwani ilinichosha: ukifunua sufuria ukungu, ukinyeshewa ukungu. Asubuhi lenzi ziko sawa hadi nasahau nimezivaa. Ikifika saa kumi hivi, jicho la kulia linakwaruza, na nikishuka Outering kwenye lile vumbi la malori natamani kuzitoa hapohapo barabarani. Aliyeniuzia kila nikimpigia ananiambia "utazoea tu, dada." Ninyi mlizoea kweli, ama kuna kitu mlibadilisha? Naomba hadithi zenu, si matangazo ya maduka.

Mzee wa Buruburu
Binti yangu, "utazoea" lilikuwa neno la lenzi ngumu za zamani, hizo ndizo jicho lilikuwa linajifunza kuzibeba. Lenzi laini iliyokaa vizuri huisikii. Mimi nimezivaa tangu niko kijana wa benki na kanuni yangu haijabadilika: ikikera, itoe. Maumivu yakiisha baada ya kuitoa, kosa ni la lenzi. Huenda imechanika, ina uchafu, ama imegeuka ndani nje. Iweke kwenye ncha ya kidole uitazame kwa ubavu. Kingo zikisimama wima kama bakuli, iko sawa. Zikilala kwa nje kama sahani, umeipindua. Lakini ukishaitoa na jicho bado linauma, likiwa jekundu na linaogopa mwanga, usingoje kesho. Hospitali, siku hiyohiyo.

Zamu ya Usiku
Mimi napokea simu za wateja usiku, ofisi iko Mombasa Road. Mdomo wa kiyoyozi ulikuwa juu ya kiti changu kabisa. Kufika saa nane usiku lenzi zinagandana na kope, nikifumba macho naskia zinavuta. Daktari aliniambia kitu kimoja ambacho hakuna aliyekuwa ameniambia: mtu akikodolea kompyuta hupepesa macho mara chache sana kuliko akiongea na mwenzake, na mara nyingi hata hafumbi mpaka chini. Machozi yanakauka juu ya lenzi. Nilihama kiti, nikashusha skrini iwe chini kidogo ya usawa wa macho ili kope zifunike sehemu kubwa, na napata matone ya machozi bandia yasiyo na dawa ya kuhifadhi. Hayo yalisaidia zaidi kuliko kubadilisha aina ya lenzi. Na baada ya usiku wa manane navaa miwani, wacha wanicheke.

Kitu kingine: yale matone ya kuondoa wekundu yanayouzwa ovyo si machozi bandia. Yanabana mishipa ya damu tu, jicho likionekana jeupe wewe unadhani umepona.

Shangazi wa Githurai
Kukata kitunguu ukiwa na lenzi ni raha, hulii hata kidogo. Kukata pilipili halafu uende kuzitoa, huo ni msiba. Osha mikono kwa sabuni, osha tena, na bado mwambie mtoto wa jirani akutolee 😂 (natania, usimpe mtu macho yako).

Mwalimu wa Kemia, Kasarani
Niongeze la darasani kidogo, mtanivumilia. Kioo cha mbele cha jicho, yaani konea, hakina mishipa ya damu, kwa hiyo hupata oksijeni yake moja kwa moja kutoka hewani kupitia machozi. Lenzi ni kifuniko. Otto Wichterle, mkemia wa Chekoslovakia, alitengeneza lenzi zake laini za mwanzo nyumbani kwake mwishoni mwa 1961 kwa mashine aliyoiunga kutokana na vifaa vya watoto vya kuchezea. Plastiki yake ilikuwa inanyonya maji, na oksijeni ilipita kwa njia ya maji hayo. Sasa basi, maji yakikauka kufikia jioni, lenzi inakakamaa na kuanza kunyonya machozi yako wewe. Zile za silikoni hidrojeli, yaani plastiki hiyo ya kunyonya maji ikichanganywa na silikoni, zilizoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1990 hupitisha oksijeni kupitia silikoni yenyewe. Binti wa Pipeline, soma boksi lako uone ni ya aina gani. Januari na Februari hapa Nairobi, hewa ikiwa kavu, tofauti utaiona wazi.

Binti wa Pipeline
Asante mwalimu. Boksi haliandiki silikoni popote. Limeandikwa BC 8.6 na DIA 14.2, na namba ileile ya miwani yangu, -6.00. Hakunipima chochote, aliangalia tu karatasi ya miwani.

Mpima Macho
Dada, hapo ndipo penye shida. Mimi hii ndiyo kazi yangu kwa hivyo nitasema mengi.

Namba ya miwani na ya lenzi si kitu kimoja ukishapita -4.00 hivi. Miwani inakaa mbali kidogo na jicho, lenzi inakaa juu yake. Mtu wa -6.00 kwa miwani kwa kawaida huhitaji kama -5.50 kwa lenzi. Ukivaa -6.00 jichoni, misuli ya jicho inafanya kazi ya ziada kutwa nzima, na jioni unaona uchovu na kichwa kinagonga. Halafu ile BC 8.6 ni nusukipenyo cha mpindo wa mgongo wa lenzi kwa milimita, yaani imepinda kiasi gani, na DIA 14.2 ni upana wake. Ikiwa konea yako ni bapa kuliko lenzi, inakubana; ikiwa imepinda zaidi, lenzi inaelea na kila ukipepesa ukingo wake unagusa kope. Huwezi kujua hayo kwa kuangalia karatasi. Ni lazima upimwe kwa mashine, uvalishwe ya majaribio, ukae nayo kidogo, kisha itazamwe kwa darubini jinsi inavyosogea. Anayeuza bila kufanya hivyo anauza bahati nasibu.

La pili ni maji, na hapa nitakuwa mkali. Nairobi tunakaa na maji ya mgao, ya tangi la ploti, ya mitungi ya mkokoteni. Hata yakiwa masafi ya kunywa, lenzi isiyaguse. Kuna kiumbe kidogo kisichoonekana kwa macho kiitwacho akantamiba, kinaishi kwenye maji ya bomba, visima na mabwawa ya kuogelea. Kikijifungia kwenye ganda lake, klorini ya kawaida haikimalizi. Kikinasa chini ya lenzi kwenye konea iliyokwaruzwa, matibabu ni ya miezi mingi na kuna wanaopoteza uwezo wa kuona. Kwa hiyo usioge nazo, usiogelee nazo, usisuuze kikopo chake kwa maji ya bomba. Kikopo kisuuzwe kwa dawa mpya ya lenzi, kiachwe wazi kikauke kikiwa kimefudikizwa, na kibadilishwe angalau kila miezi 3. Dawa ya jana imwagwe yote. Kuongezea mpya juu ya ya zamani ni kulea wadudu.

Mrembeshaji wa Umoja
Mimi ni wa harusi, na hasira yangu ni kwa lenzi za rangi. Kuna mteja, msimamizi wa bibi harusi, alifika na lenzi za kijivu alizonunua duka la nywele bandia huko mjini kati, pakiti haina tarehe. Walikuwa wanazivaa kwa zamu yeye na dada yake! Nilikataa kumpaka hadi azitoe. Alinuna, picha akapiga na macho yake ya kuzaliwa, na alipendeza. Hata kama huna shida ya kuona, lenzi ya rangi ipimwe kama nyingine, na haiazimwi.

Kwa mnaojipaka: lenzi kwanza, vipodozi baadaye. Jioni, lenzi zitoke kwanza ndipo usafishe uso. Wanja usiupake kwenye ukingo wa ndani wa kope, hapo ndipo mafuta ya machozi yanapotoka.

Ghetto Yetu Ngara
Dada tuliyekaa naye hosteli alichukua chupa ya dawa yangu ya lenzi bila kuuliza, akamimina kwa lenzi na kuivaa. Ilikuwa ile ya haidrojeni peroksaidi, yenye mdomo mwekundu. Kelele aliyopiga ilileta kila mtu korido nzima. Hiyo dawa husafisha vizuri kushinda zote, na mimi bado naipenda kwa sababu baadaye hakuna kemikali inayobaki ya kunikera. Lakini lazima ikae kwa kikopo chake maalumu saa 6 au zaidi ili igeuke kuwa maji na oksijeni. Sasa hukaa kwa sanduku langu, na kufuli.

Macho Chongoka
Nyinyi mna shida za lenzi laini, karibuni kwetu wa keratokonasi. Konea inakuwa nyembamba na kuchongoka mbele. Mimi nilikuwa na mzio wa macho tangu shule ya msingi, nikiyasugua usiku na mchana, na kusugua huko huchangia sana. Miwani ikawa haisaidii. Lenzi laini inafuata umbo lilelile bovu la konea, kwa hivyo nilipewa ngumu, ndogo.

Jameni. Matatu ikiruka tuta, lenzi inahama. Punje moja ya vumbi ikiingia chini yake, unashuka gari popote ulipo. Kuna makanga wa Jogoo Road ambaye alizoea kuniona nikishuka nikilia, siku moja akanirudishia nauli akidhani nimefiwa.

Sasa navaa zile kubwa zinazokaa kwenye weupe wa jicho bila kugusa konea. Unaijaza maji ya chumvi safi ya hospitali, unainamisha uso mpaka utazame sakafu, unaipandisha jichoni. Kiputo kimoja cha hewa kikibaki, unaanza upya. Zinaonekana za kutisha lakini ndizo zinazonikera kidogo kuliko zote, maana vumbi haliingii kirahisi. Jioni huwa na ukungu, uchafu wa machozi ukijikusanya chini yake. Nazitoa, najaza tena, naendelea. Bei inauma, sitawadanganya. Mwenye mtoto anayesugua macho kila wakati ampeleke mapema, kuna tiba ya matone ya riboflavini na mwanga wa urujuanimno inayokaza konea isiendelee kuchongoka. Haikurudishii ulichopoteza.

Nduthi Rongai
Kofia yenye kioo, ukishushe. Mengine ni hadithi.

Mama wa Kayole
Na kemisti wa mtaani asikupe tu "dawa ya macho mekundu." Kijana wangu alipewa matone, jicho likatulia upesi, kumbe yalikuwa na steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe na wekundu, na kidonda kilikuwa kinaendelea chini yake. Daktari alitaka kuona lenzi na kikopo pia, kwa hiyo msizitupe, nendeni navyo kwenye mfuko.

Winga wa Jericho
Mimi nilikata maneno: za siku moja, na ni za mechi tu. Navaa, nacheza, natupa. Hakuna kikopo, hakuna dawa, na siku nyingine zote ni miwani. Ukizihesabu pakiti kwa pakiti ni ghali, lakini kwa mtu wa Jumapili peke yake si mbaya. Chupa ndogo ya machozi bandia huwa kwa soksi. Refa mmoja alinisimamisha akitaka kujua ni kitu gani hicho, nikamtilia naye tone moja, mdomo wa chupa usiguse jicho, na offside zikaanza kuonekana.