Jiji lifanye nini ili wenye majengo ya kihistoria wakarabati badala ya kusubiri yaanguke?

Mpangamiji
Wakuu, habari zenu. Naomba mawazo kuhusu rasimu ya sheria ndogo za jiji za kulinda majengo ya kihistoria. Orodha ya majengo ipo, katazo la kubomoa bila kibali lipo. Kinachopungua ni upande wa kumsaidia mwenye jengo. Paa linavuja, fedha hana, na kiwanja chake kinamezewa mate na wajenzi wa maghorofa. Ukimwambia "usibomoe" ukaishia hapo, ataiachia mvua imalize kazi. Njia zipi zinafanya kazi kweli, na hukwama wapi?

Karani wa Vibali
Mkuu, kabla ya fedha kagua hiyo orodha inaingiaje kisheria. Kosa linaloua majengo mengi ni kumtumia mwenye jengo barua ya kusudio la kuorodhesha, huku ulinzi wenyewe ukianza miezi kadhaa baadaye. Umempa muda wa kuita tingatinga. Uingereza wana notisi ya ulinzi wa muda: ikishatolewa, jengo linalindwa papo hapo hadi miezi 6 huku uamuzi ukisubiriwa. Weka kifungu kama hicho.

Pili, kila jengo liwe na kadi yake: picha za kila upande, na maelezo ya kinacholindwa. Je, ni uso wa mbele tu, au na ngazi, dari na milango ya ndani? Kadi isipokuwepo, ofisa anakisia na mwombaji anazungushwa. Matengenezo madogo, kama kurudishia vigae vya aina ileile au kuzibua mifereji ya paa, yaruhusiwe bila kikao na bila ada. Mtu akiona kibali cha kigae ni kigumu kama kibali cha ghorofa, hatagusa paa kabisa.

Hesabu za Mji
Kwenye fedha, nafuu ya kodi ya majengo ndiyo rahisi kuanzisha kwa kuwa jiji halitoi fedha taslimu. Lakini isitolewe bure. California wana Sheria ya Mills tangu 1972: mwenye jengo anasaini mkataba wa angalau miaka 10 na mamlaka ya mji, anaahidi kazi maalumu za ukarabati, naye anakadiriwa kodi ndogo. Mkataba unajiongeza kila mwaka na humfunga hata atakayenunua jengo. Hilo la mnunuzi ndilo la kushikilia. Likikosekana, mtu anafaidi nafuu halafu anauza.

Punguzo la kodi ya mapato lina mipaka yake. Serikali kuu ya Marekani inarudisha 20% ya gharama za ukarabati, ila kwa majengo yanayoingiza kipato tu. Anayeishi kwenye nyumba yake hapati kitu.

Ruzuku nayo ina mtego: nyingi hulipwa baada ya kazi kukamilika, kwa hiyo zinamfaa aliyekwisha kuwa na fedha. Lipeni kwa hatua, sehemu mkataba wa fundi unaposainiwa, sehemu paa likikaguliwa, iliyobaki mwishoni. Na wa kwanza kulipiwa awe paa na mifereji, rangi ya mbele ije mwisho.

Kwa huyo mwenye kiwanja kinachotamaniwa, New York waliweka njia ya kuhamisha haki za ujenzi: urefu asioruhusiwa kujenga juu ya jengo lake anauuza utumike kwenye kiwanja kingine. Sheria yao ya kulinda majengo ya kihistoria ni ya 1965, na Mahakama Kuu ya Marekani iliitetea mwaka 1978 katika kesi ya kituo cha treni cha Grand Central. Lakini soko la haki hizo lipo pale tu ambapo wajenzi wamebanwa na ukomo wa urefu. Jiji linaloruhusu ghorofa zozote popote halina cha kuuza.

Mwashi wa Chokaa
Naongeza upande wa kazi yenyewe, maana ruzuku inaweza kuliharibu jengo kuliko umaskini. Ukuta wa mawe uliojengwa kwa chokaa hunyonya unyevu na kuutoa nje kupitia lipu. Ukiufunika kwa saruji, maji yanayoingia kwenye nyufa hayana pa kutokea. Hupanda juu, chumvi hukusanyika nyuma ya lipu, na boriti zilizochomekwa ukutani huoza vichwa bila mtu kuona hadi sakafu inapobonyea.

Kwa hiyo masharti ya ruzuku yataje vifaa: lipu ya chokaa, kwa kawaida chokaa 1 kwa mchanga safi 3, kila tabaka lisizidi takribani milimita 10. Tabaka la chini likaze kabla ya la pili, na ukuta ufunikwe magunia yenye unyevu siku kadhaa lisikauke ghafla. Likikauka haraka linabaki unga. Kwenye viungo vya mawe, chimba chokaa ya zamani hadi kina cha walau mara mbili ya upana wa kiungo, ndipo ujaze mpya. Kupaka juujuu kunabanduka. Mkandarasi wa bei ya chini kabisa ataleta saruji, kwa hiyo zabuni isiamuliwe kwa bei peke yake.

Mpangamiji
Asanteni sana. Na jengo tupu ambalo mwenyewe hajulikani, au warithi wako kumi na hawaelewani?

Karani wa Vibali
Hapo jiji liwe na mamlaka ya kuingia. Uingereza, jengo lililoorodheshwa likiwa tupu, halmashauri hutoa notisi ya angalau siku 7, kisha inafanya kazi za dharura yenyewe na kumdai mwenye jengo gharama. Kazi hizo ni za kuzuia hasara tu: turubai, nguzo za kushikilia, kuziba madirisha, kuondoa miti iliyoota ukutani. Deni lisajiliwe kwenye hati, lisibaki kwa jina la mrithi mmoja. Likishasajiliwa, hakuna atakayeuza bila kulilipa.

Hesabu za Mji
Jengo likishindikana kabisa, uwepo mfuko wa mzunguko: jiji linanunua, linakarabati paa na kuta, linauza likiwa na sharti la ulinzi kwenye hati, fedha zinakwenda kwenye jengo linalofuata. Mara nyingi gharama huzidi bei ya kuuzia, kwa hiyo tengeni ruzuku ya kufidia hilo pengo kila mwaka wa bajeti, la sivyo mfuko utakauka baada ya majengo machache.