Miezi mitano na nyonga bandia: maumivu yameisha, kuchechemea hakujaisha. Mpira narudi lini?

Beki Mstaafu: Wakuu salaam. Nina miaka 49, niko Tanga. Huu mwezi wa tano tangu nibadilishiwe nyonga ya kulia. Kichwa cha mfupa wa paja kilikosa damu kikafa. Kwenye picha kimebonyea kama chungwa lililokaliwa. Nilikuwa nimechechemea miaka mitatu.

Sasa silali na maumivu, daladala napanda bila kushikwa mkono. Lakini mama watoto anasema bado natembea kama bata. Jana kijana wangu kanirekodi kwa nyuma nikaamini: nikikanyaga mguu wa kulia, kiuno upande wa kushoto kinashuka, bega la kulia nalo linalala kufidia. Kliniki niliambiwa "endelea na mazoezi", basi. Mazoezi yapi? Na maveterani wenzangu wananisubiri Jumapili, mimi ndiye beki wa kati.

Ngosha wa Pwani: Pole mkuu. Nyonga imekustaafisha, wewe unakata rufaa 😀

Fizio Mkweli: Pole kaka. Maswali mawili: kovu liko wapi, na fimbo ulikuwa unashika mkono gani?

Beki Mstaafu: Kovu liko nyuma, takoni. Fimbo mkono wa kulia, niliitupa wiki ya sita.

Fizio Mkweli: Ndiyo hapo. Fimbo hushikwa mkono wa upande mzima. Ukiishika upande uliopasuliwa unaufundisha mwili kulalia huko huko. Nyonga ni mpya, lakini mwendo ni ule wa miaka mitatu ya maumivu. Msuli wa pembeni ya tako, unaozuia kiuno kisianguke ukisimama mguu mmoja, ulilala siku nyingi na haujaamka.

Rudisha fimbo, mkono wa kushoto, utembee polepole mbele ya kioo. Kisha lala ubavu wa kushoto, mto katikati ya magoti, inua mguu wa kulia ukiwa umenyooka, vidole vitazame mbele. Usiutupe mbele, uelekee nyuma kidogo. Ukisikia kazi pajani mbele badala ya takoni, umekosea. Halafu panda kidato kimoja cha ngazi, shuka, bila kuinamisha bega. Mwombe daktari apime urefu wa miguu pia, maana ukitofautiana mazoezi peke yake hayatoshi.

Mama Zuu: Kaka yangu, miye nyonga yangu ya bandia ina miaka miwili sasa. Mazoezi yalinishinda kidogo, ila kilichonitesa zaidi ni vitu vya chini. Niliambiwa goti lisipande juu ya kiuno, nisikunje nne, mguu nisiugeuzie ndani, nyonga isije ikachomoka. Sasa nazi utakuna vipi, na mbuzi yenyewe ndiyo ile? Ikawa kazi ya binti. Chooni fundi alinijengea kiti cha saruji. Kusali nasali juu ya kiti mpaka leo.

Servi Moja: Msimvunje moyo. Mcheza tenisi Andy Murray alifanyiwa nyonga London Januari 2019, Oktoba mwaka huo huo akabeba kombe la Antwerp, Ubelgiji.

Fizio Mkweli: Kweli, ila yeye mfupa wa paja haukukatwa kichwa, ulivishwa kofia ya chuma. Huyu mwenzetu kakatwa. Halafu kazi ya Murray ilikuwa hiyo tu asubuhi hadi jioni. Kutembea, kuogelea, baiskeli, hata tenisi ya wawili wawili, madaktari wengi huruhusu. Mpira wa miguu wengi hukataa: kugeuka ghafla mguu umekanyaga, kugongwa, kuanguka. Na ukiona shavu la mguu limevimba na kuuma, au maumivu makali ya ghafla na mguu ukafupika, usije humu kuuliza. Hospitali.

Beki Mstaafu: Nimekuelewa. Ufukwe wa Raskazone si mbali, nitaanza na maji. Na urefa je?

Fizio Mkweli: Refa anakimbia kuliko wewe ulivyokuwa beki. Kuwa kocha, na ubebe kiti chako kirefu, lile benchi lenu la mnazi ni la chini mno.

Beki Mstaafu: 😀 Nimesimama mguu wa kulia mbele ya kabati la kioo. Sekunde tisa, kiuno kikashuka. Narudi na video baada ya wiki sita.