Fundi kang'oa kabureta mbili za Honda CB350 yangu, kaweka moja ya bodaboda. Sasa injini imekwama

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na sifichi. Pikipiki yangu, Honda CB350 ya 1972, imelala uani hapa Tanga na silinda ya kulia imekwama. Aliyeifikisha hapo ni fundi niliyempelekea mwenyewe, nikamlipa laki mbili na themanini.

Ugonjwa alioletewa ulikuwa mdogo, na hilo ndilo linalonikaba. Pikipiki ilikuwa inawaka kwa kiki moja. Ikisimama inanguruma imetulia kabisa, silinda zote mbili. Ukivuta mafuta tu, ikifika kati inasita upande wa kulia, haipandi. CB350 ina kabureta mbili za Keihin, yaani vile vinavyochanganya petroli na hewa, kila silinda na yake. Ndani ya kila moja kuna slaidi, kipande kinachopanda kuachia mafuta, inayonyanyuliwa na mvuto wa injini kupitia mpira mwembamba kama ngozi ya kitunguu. Mpira ukitoboka, slaidi hainyanyuki, na silinda ile inabakia na mafuta ya kungurumia tu. Kitu chenye umri wa zaidi ya miaka 50, mpira kupasuka ni jambo la kawaida. Kazi ilikuwa kulegeza skrubu chache za kifuniko, kuutoa mpira na kuuinua juani uone tundu. Hakufungua hata skrubu moja!

Aliniambia hivi: "Kaka, kabureta mbili ni mateso, leo hii imekubali kesho ile imegoma. Tufunge moja, usahau." Nikakubali. Huyu mtu anatengeneza bodaboda za mtaa mzima na mkono wake mzuri, hilo simnyimi. Lakini bodaboda ina silinda moja, na yangu ina mbili.

Siku ya tatu nakuta bomba la maji limekatwa na kuchomelewa kama panda ya manati, kabureta moja imening'inia katikati. Niliingiza kidole ndani ya bomba nikakuta matone ya kuchomelea yamegandia, makubwa kama punje za mtama, na mafuta ndiyo yapite humo. Kwenye maungio kapaka silikoni nyekundu, na silikoni ile petroli inaivimbisha na kuibandua. Wiki haikuisha, nikamwaga maji kidogo kwenye ungio la kulia injini ikiwa inanguruma, mlio ukabadilika hapohapo. Maana yake hewa ilikuwa inapenya pale, inaingia silinda ya kulia bila mafuta.

Nilimrudia mara mbili. Kila mara dawa yake ni moja, anaongeza jeti, kile kitundu cha kupitisha petroli ndani ya kabureta. Plagi ya kushoto ikazidi masizi meusi, ya kulia ikabaki nyeupe kama chaki, dalili ya mafuta machache na joto kali. Jeti inaongeza mafuta kwa silinda zote mbili, haiwezi kuzigawia sawa. Hapo ndipo mtu anayejua kazi angesimama na kujiuliza.

Nami sisemi kabureta moja ni mbaya. Triumph Bonneville T120 ilitoka 1959 na kabureta mbili, ndugu yake TR6 akawa na moja, na amekimbia nayo miaka mingi. Yamaha XS650 nayo watu wanaifunga moja na inatembea. Lakini hizo pistoni zake zinapanda pamoja na kushuka pamoja, silinda zinapokezana kuvuta kwa nafasi sawa, kila krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, ikizunguka mara moja. CB350 siyo hivyo. Pistoni moja ikiwa juu, nyingine iko chini. Silinda ya kwanza inavuta, na kabla valvu yake haijafunga sawasawa, ya pili inaanza kuvuta kwenye bomba lilelile. Kisha kimya kirefu: tangu ya pili ianze kuvuta, ni mzunguko mzima na nusu ndipo ya kwanza ivute tena. Ya kwanza inaikuta hewa imelala, ya pili inaikuta tayari inakimbia. Zitagawanaje sawa? Honda wenyewe walilijua hili tangu zamani. Dream C77 ya 305cc, pistoni zinakwenda pamoja, waliipa kabureta moja. CB77 yenye ukubwa uleule, pistoni zinapishana, wakaipa mbili.

Na kulijua hili hakuhitaji kompyuta. Toa plagi zote mbili, tumbukiza mrija wa soda kila tundu, zungusha injini taratibu kwa mkono. Mirija ikipanda pamoja, mnaweza kuzungumza habari ya kabureta moja. Ikipishana, chukua pikipiki yako uondoke. Ni dakika tano, wakuu, na yeye alikaa na pikipiki siku tatu.

Jumamosi iliyopita nilikuwa naelekea Muheza. Nimepita Pongwe kidogo, nikasikia inakuwa nzito, kisha tairi la nyuma likabana ghafla. Nilikamata klachi, nashukuru Mungu sikuanguka na nyuma hapakuwa na lori. Ekzosi ya kulia ilikuwa imegeuka bluu pale inapoungana na injini. Nimefungua silinda: pistoni imeyeyuka ubavuni na kujipaka kwenye ukuta wa silinda.

Kilichonitoa machozi ya hasira ni hiki. Nilikwenda kudai kabureta zangu nirudishe kila kitu kama kilivyokuwa. Akanijibu kwa utulivu kwamba kawapa watu wa chuma chakavu, "maana hazikuwa na kazi tena." Hakuniuliza. Kabureta nzima, vifuniko, slaidi, mabakuli yake, kwa ajili ya mpira mmoja ambao hadi leo unapatikana mpya! Nimemtaka alipe pistoni, ringi na kuchonga silinda. Kanijibu pikipiki ni ya zamani, ingekufa tu. Nina ujumbe wake wote kwenye simu na Jumatatu naupeleka kwa mtendaji wa kata.

Kwa sasa naomba msaada wa mtu yeyote anayepita kwenye mizani za chuma chakavu hapa Tanga. Ni kabureta mbili za alumini, ya kulia na ya kushoto, hazifanani, kila moja ina kifuniko cha duara juu, na ya kushoto ina mkwaruzo mrefu kwenye bakuli. Ukiziona zishike, nitanunua kwa bei utakayosema.