Historia ya kihamba cha ukoo inaandikwaje pasipo hati?

Mjukuu wa Kilema:
Ndugu wanajukwaa, ukoo wetu una kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, huku Kilema, Kilimanjaro, kilichorithiwa kwa vizazi vinne, wala hatuna karatasi yoyote inayoonyesha kilipatikana lini na kwa nani. Wazee waliobaki wanatofautiana kuhusu mpaka wa upande wa juu. Ningependa kuiandika historia hii kabla ya mgawanyo unaokuja. Ni ushahidi gani unaoweza kutegemewa?

Mkulima Mstaafu:
Wengi huanza na kahawa, na kwa Kilema ni mwanzo mzuri, kwa kuwa wamisionari wa Kikatoliki waliipanda hapo mwishoni mwa karne ya 19. Hata hivyo, wakulima wengi wa Kichagga waliingia katika zao hilo miaka ya 1920. Chama chao cha wakulima wa kahawa, KNPA, kiliundwa mwaka 1925, kisha kikafuatwa na chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933. Ukipata kadi ya uanachama au stakabadhi za mauzo za babu, utajua nani aliyekuwa akivuna wakati huo. Lakini usiichukulie tarehe ya kahawa kuwa tarehe ya kihamba, maana migomba ilitangulia kwa muda mrefu sana, na mibuni ilikuja kupenyezwa katikati yake.

Mama Ndizi:
Nakubaliana na mzee hapo juu, ila mimi ningeanza na masale, ile mimea inayopandwa kuonyesha mpaka. Tembeeni mpakani pamoja na majirani, si wanaukoo peke yao, mkatazame safu ya zamani ya masale yenye mashina manene na ile iliyochomekwa juzi. Mahali ambapo safu hizo mbili zinapishana ndipo penye hadithi yenu. Fuateni pia mfongo, yaani mfereji unaowaletea maji, kwa sababu ukoo uliouchimba kwa kawaida hukumbukwa, na zamu za maji huonyesha nani alihesabiwa kuwa mwenye kihamba. Makaburi yaliyomo ndani ya kihamba nayo yaorodheshwe, kaburi kwa kaburi.

Mjukuu wa Kilema:
Asanteni sana. Na kuhusu urithi wenyewe? Babu alikuwa mtoto wa katikati, lakini ndiye aliyebaki nyumbani.

Mwanasheria wa Kijijini:
Hilo ni jambo la kuchunguza kwa makini. Kwa mila, kifungua mimba alipewa sehemu yake na kitinda mimba akabaki katika nyumba ya wazazi, huku wa katikati wakitafuta ardhi kwingine, mara nyingi kwa kuomba kwa mangi, yaani chifu. Babu yako akibaki, basi pengine mdogo wake alifariki au alihama, na kizazi chake huenda kipo. Waulizeni shangazi zenu walioolewa mbali: kwa kuwa mila haikuwapa fungu, walikuwa na sababu ndogo ya kuupindisha mpaka. Kumbukeni tu kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki ardhi, kwa hiyo katika mgawanyo huu shangazi hao si mashahidi tu. Maelezo yakikamilika, yasomwe mbele ya ukoo na majirani, ndipo muombe hati ya hakimiliki ya kimila kupitia halmashauri ya kijiji.