Gesti ya vyumba sita Musanze, Rwanda: aliyewahi kufanya biashara huko naomba mawazo

DadaSinza
Habarini wapendwa. Mimi niko Sinza hapa Dar, nimekaa mapokezi hoteli moja ya Kariakoo miaka mingi mpaka mgeni akiingia mlangoni najua atataka nini kabla hajafungua mdomo. Sasa mimi na mume wangu tumeuza kiwanja cha Chanika na tunataka kuhamia Rwanda, mji wa Musanze kule chini ya milima ya volkano, tufungue gesti ndogo, vyumba sita safi na chai ya asubuhi. Hapa Dar gesti ziko kila kona na nyingi watu wanachukua kwa masaa, hiyo biashara siitaki kabisa, nataka mtu aje na begi lake alale aamke aende kutembea. Kilichonivuta ni wale gorila, nasikia kibali cha kwenda kuwaona ni dola 1,500 kwa mtu mmoja, nikasema mwenye hela hizo hawezi kukosa ya chumba. Naomba kujua Mtanzania anafungua biashara kule bila kuzungushwa? Kiswahili kitatosha? Na tununue nyumba au tupange, maana mume wangu anataka tununue na hapo ndo hatujaelewana.

Dereva_wa_Isaka
Dada hongera kwa uthubutu. Mimi napeleka mzigo Kigali kupitia Rusumo, nchi ile ina utaratibu sana. Kwa makaratasi umechagua vizuri, sisi ni Afrika Mashariki moja na Rwanda walishafuta ada ya kibali cha kazi kwa raia wa jumuiya, ila kibali chenyewe lazima uombe usikae kiholela. Kampuni unasajili RDB, yaani Bodi ya Maendeleo ya Rwanda, kwa mtandao na hawakutozi. Ila gesti ina leseni yake ya utalii hapo hapo RDB, wanakuja kukagua, hiyo usiiruke. Mengine madogo madogo: kule gari linapita kulia, saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja, na mifuko ya plastiki walipiga marufuku tangu 2008 kwa hiyo vitu vyako vya jikoni usivifunge kwenye rambo, mpakani wanakagua. Jumamosi ya mwisho ya mwezi asubuhi ni umuganda, watu wote wanatoka kufanya usafi na kazi za jamii, na nyie mtatoka.

MamaMusanze
Mdogo wangu karibu sana, mimi ni wa Temeke niliolewa huku na tuna nyumba ya wageni hapa hapa Musanze. Nikwambie ukweli kuhusu hiyo 1,500 maana ndo umejengea hesabu zako zote. Mwenye hela nyingi kweli kweli halali kwetu, analetwa na kampuni ya utalii moja kwa moja kwenye loji kubwa za Kinigi, pale ilipo hifadhi ya gorila, ambako usiku mmoja unaweza kuzidi hata bei ya kibali. Anayelala kwetu ni yule aliyejikusanya miaka akalipa kibali, na kwa kuwa kibali kimemmaliza anatafuta chumba cha bei ya kawaida, kisafi, chenye maji ya moto. Huyo ndo wako. Sasa msome huyo.

Kwanza baridi. Mji uko kama mita 1,850 juu ya bahari, mtu wa Dar unaweza kulia usiku wa kwanza. Shawa ya maji ya moto sio anasa huku, ikigoma asubuhi moja tu mgeni anakuandika vibaya Booking.com na dunia nzima inasoma. Sisi jioni tunaweka chupa ya mpira ya maji ya moto chini ya blanketi kabla mgeni hajapanda kitandani, ni kitu kidogo lakini nakwambia ndo wanachosifia kuliko chakula.

Pili asubuhi. Wageni wa gorila wanatakiwa wawe makao makuu ya hifadhi pale Kinigi saa moja kamili, wagawiwe makundi ya watu wasiozidi wanane. Kwa hiyo wewe jiko unawasha saa kumi alfajiri, chai, mayai, mkate, na chakula cha kubeba maana huko msituni unaweza kutembea masaa mengi na ukishawapata gorila unakaa nao saa moja tu. Wakirudi mchana wamejaa tope mpaka magotini, kama una sehemu ya kuosha na kukausha viatu karibu na jiko umewashika.

Tatu na hili lishike sana, madereva. Mgeni anatakiwa awe na gari lake la kumfikisha hifadhini na mpaka sehemu wanapoanzia kupanda, karibu kila mgeni ana dereva. Mpe dereva kitanda safi na chakula cha moto, umuheshimu, kesho ndo anakuletea mgeni mwingine. Kuna sehemu wanawaacha madereva walale garini na baridi hii, inaniuma mpaka leo nikiwaona.

Kiswahili ni lugha rasmi tangu 2017, mjini na kwa madereva utaenda vizuri, ila sokoni na kwa wafanyakazi jifunze Kinyarwanda kwa bidii. Isombe ni kisamvu chetu kabisa, hutajiona mgeni mezani.

kijana_wa_Tabata
Kwa nini asiende Gisenyi kwenye ziwa Kivu, si ndo pazuri zaidi?

MamaMusanze
Pazuri sana ila umekaa ukuta kwa ukuta na Goma ya Kongo. Januari 2025 vita vilipofika Goma makombora yaliangukia mpaka upande huu wa Rubavu, wilaya yenye Gisenyi, watu wakafa. Sio mahali pa kuweka hela yote ya kiwanja.

Mhasibu_Ilala
Naongezea kodi. VAT ni 18% kama kwetu, unalazimika kujisajili mauzo yakivuka faranga milioni 20 kwa mwaka, na tangu Julai 2025 kuna tozo ya utalii 3% ya bei ya chumba. Pensheni ya wafanyakazi ilipanda Januari 2025 kutoka 6% kwenda 12%, nusu mwajiri nusu mfanyakazi. Na weka akiba ya kuendesha miezi kadhaa bila mgeni hata mmoja, kumbuka Septemba 2024 ugonjwa wa Marburg ulilipuka Rwanda mpaka Desemba ndo wakatangaza umeisha.

DadaSinza
Asanteni jamani, dada Musanze umenifungua macho kabisa. Mume wangu kasoma yote, anauliza tu hilo la kununua.

MamaMusanze
Pangeni. Tafuta nyumba yenye geti na sehemu ya kuegesha magari mawili matatu, mkataba uandikwe kwamba unaruhusiwa kufanya biashara ya malazi na kubadilisha mabafu, na gharama za mabafu mkatane kwenye kodi ya nyumba. Mje kuangalia Aprili ndani ya masika, hapo utaona paa linalovuja na barabara inayokatika, na utaona mji ukiwa hauna wageni. Ila tarehe 7 Aprili inaanza wiki ya maombolezo ya mauaji ya kimbari, hakuna muziki wala sherehe, watu wako na huzuni yao, kwa hiyo mambo ya madalali yaanzeni baada ya wiki hiyo. Mkifika mje kwangu kwanza, msilale hotelini.